Anza na Kazi Ambayo Haijaisha: Namna ya Kununua Zawadi kwa Msanii Mwenyewe Hapa Arusha

Miaka kadhaa iliyopita tulimuaga mkuu wetu wa kazi aliyekuwa anastaafu na kurudi kwao Rombo. Tulichangishana ofisini, nikakabidhiwa fedha pamoja na jukumu la kutafuta "kitu cha heshima." Nikaingia duka moja la vinyago hapa mjini, nikatoka na kifaru mweusi anayeng'aa, amefungwa kwenye gazeti. Muuzaji aliniapia kuwa ni mpingo halisi na kwamba aliyechonga ni mjomba wake. Wiki mbili baada ya sherehe, mke wa mzee alimpangusa yule kifaru kwa kitambaa kibichi. Kitambaa kikatoka cheusi, kifaru akabaki na mabaka ya njano kama mbwa mwenye ukurutu. Nilikuwa nimempelekea mzee wa watu mti laini uliopakwa kiwi ya viatu.

Tangu siku hiyo zawadi ya sanaa nanunua kwa mtu aliyeitengeneza kwa mkono wake. Ndugu na wafanyakazi wenzangu wamezoea kunipigia kila Desemba ikikaribia, "Dada, ile picha uliipata wapi?" na nimechoka kurudia. Haya ndiyo ninayowaambia.

1. Mfikirie mpokeaji, kisha ukuta wake

Wengi huanza na "nataka kinyago" au "nataka picha ya Kimasai." Anza na mtu. Kama ni maharusi wapya waliopanga vyumba viwili kule Sakina, picha ya mita moja na nusu ni kuwapa kazi ya kutafuta pa kuiweka. Kama ni mgeni anayepandia ndege KIA keshokutwa, kitakachofika ni kile kinachokunjika au kinachoingia kwenye begi la mkononi. Ukiweza kufika kwa mpokeaji bila kushtukiwa, pima kwa macho nafasi iliyo juu ya kochi, halafu ukirudi nyumbani ithibitishe kwa futi kamba kwenye ukuta wako. Utashangaa jinsi sentimita 60 zilivyo ndogo ukutani na zilivyo kubwa kwenye daladala.

Imani nayo uipe nafasi yake. Wachongaji wa Kimakonde wana mtindo unaoitwa shetani: viumbe wenye jicho moja, mdomo uliopinda, miguu isiyolingana. Ni ufundi wa hali ya juu, lakini jina ni jina. Kuna bibi mmoja wa Machame aliletewa kimoja na mjukuu wake. Alishukuru vizuri sana, akakifunika kitenge, kikaingia stoo na hakijatoka mpaka leo. Kwa mtu kama huyo mtindo wa ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana kizazi juu ya kizazi, unaeleweka bila mkalimani. Vilevile zipo nyumba za Waislamu ambazo hazitundiki picha za viumbe. Huko peleka batiki ya nakshi tupu au kikapu kilichosukwa vizuri.

Halafu hesabu siku. Kitu kilichopo tayari unaweza kukipata mchana mmoja, cha kuagiza kipe wiki tatu na usizipunguze. Tazama na msimu. Juni hadi Oktoba watalii wamejaa, wasanii wana wateja na bei inasimama wima. Machi hadi Mei ni masika, wateja wanapungua, msanii ana muda wa kukaa na wewe na bei inalegea, ila rangi ya mafuta inakauka kwa kusuasua. Julai nayo, kwa ubaridi wetu huu na mawingu yanayokaa juu ya mji mpaka saa nane mchana, ni vivyo hivyo. Desemba usiseme. Wachaga wanapanda nyumbani, Moshi inafurika, na kila mtu anataka chake kabla ya tarehe 24.

2. Tafuta kazi ambayo haijaisha

Ukimuuliza mtu "umetengeneza wewe?" atasema ndiyo. Hilo swali liache nyumbani. Angalia kama pale alipo kuna kitu kilichoanzwa na hakijaisha: kanvasi yenye twiga wa penseli ambaye hajapakwa rangi, gogo ambalo kichwa kimeshatoka na mwili bado ni mti, mkufu ulioishia katikati na sindano inaning'inia. Kazi nusu haina namna ya kudanganya. Inakuonyesha mti ulivyo kabla ya kung'arishwa, rangi inavyolazwa tabaka kwa tabaka, na mkono unavyokwenda taratibu au haraka. Sehemu yenye vinyago mia mbili vilivyokamilika na sakafuni hakuna hata unyoya mmoja wa mbao, hilo ni duka. Kununua dukani si kosa, mradi usilipie na hadithi ya mjomba.

Tazama na mikono. Mchoraji huwa na rangi pembeni mwa kucha, na rangi hizo ni zilezile zilizo kwenye picha. Mchongaji anayetumia mkono wa kulia ana makovu madogo ya patasi kwenye vidole vya kushoto. Mama wa shanga anaokota shanga tatu tatu kwa ncha ya sindano huku anakuangalia wewe usoni.

Pa kuanzia kwa wengi ni soko la Barabara ya Fire, lile la Wamasai. Vibanda vimepangana na vingi vinauza vitu vinavyofanana, kwa hiyo mzunguko wa kwanza usinunue kitu. Zunguka tu ukitafuta kazi nusu. Nenda asubuhi siku ya katikati ya wiki, kabla magari ya watalii hayajashusha watu. Saa hizo ndipo wenye kazi zao wanakuwa wameinama wanafanya kazi. Kutoka Mnara wa Saa kwenda huko utatokewa na kijana mchangamfu mwenye pochi ya picha zilizoviringishwa, au winga atakayejitolea kukupeleka "kwa msanii mwenyewe." Wengine wanakufikisha kweli, lakini kila anayekufikisha ana cha juu chake na utakilipa wewe. Sema, "Asante kaka, kuna mtu ananisubiri," na usisimame. Ukisimama tu umeshaanza mazungumzo ya biashara.

Kama jicho lako bado halijazoea, pita kwanza jumba la sanaa la Cultural Heritage kwenye barabara ya kwenda Dodoma ukaone kazi kubwa za mpingo na michoro. Ukishaona kazi nzuri zikiwa nyingi mahali pamoja, mbaya itakuuma yenyewe. Kule Burka, kwenye viwanja vya Arusha Coffee Lodge, ipo karakana iitwayo Shanga, ambako mafundi wengi ni watu wenye ulemavu na utawaona wakiyeyusha chupa kuukuu kuwa bilauri na vipuli. Bei zao ni za kuandikwa, hamna kuvutana.

Njia ninayoiamini kuliko zote, hata hivyo, ni fundi fremu. Kila mtaa una fundi anayekata fremu na vioo vya picha za harusi. Yeye anawajua wachoraji wote wa upande wake: nani anachora mwenyewe, nani anachukua za wenzake na kuweka sahihi yake, nani anamaliza kwa wakati. Mnunulie soda, muulize. Wachoraji wangu wawili niliwapata kwa fundi fremu wa Kijenge, na fremu zao nampelekea yeye mpaka leo.

Walio Moshi wana utajiri mwingine ambao mara nyingi hawaukumbuki. Kule Mamba, njia ya Marangu, ufuaji chuma wa Kichaga ungalipo: wahunzi wanafua visu, mikuki na kengele za ng'ombe. Panda gari la Marangu linalopitia Himo, ukifika ulizia wahunzi. Kengele ya kufuliwa kwa mkono ni zawadi nzuri kwa mtu mwenye mlango mkubwa na wageni wengi. Mkuki mwachie atakayesafiri kwa gari. Kwenye ndege hauingii na abiria.

3. Salimia kwanza

Hili ni fupi lakini limeshaharibu bei za watu. Usifike ukaanza na "hii shilingi ngapi." Mzee mwamkie shikamoo, kijana mwulize habari za kazi, umpe pole na kazi kabisa. Kwa mama wa Kimasai jaribu "Takwenya". Atakujibu "Iko," atacheka matamshi yako, na hapo mmeshakuwa watu. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Kuna wanaopiga picha michoro na kuipeleka kwa mchoraji mwingine wa bei nafuu ainakili, na wasanii wanalijua hilo.

4. Kagua kwa vidole, si kwa macho peke yake

*Picha.* Michoro mingi utakayoonyeshwa ni ya tingatinga, na inafaa ujue asili yake ili usiuziwe kama sanaa ya kale ya kaskazini. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru. Alianza kuchora Dar es Salaam, upande wa Oysterbay, mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi vya mraba na kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi katika mkasa wa kufananishwa. Miaka minne tu, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo mpaka ukafika kila penye mtalii. Wa hapa Arusha sasa huchora zaidi kwenye kitambaa, mara nyingi amerikani iliyopigwa rangi nyeupe kwanza.

Inua picha uielekeze kwenye jua uitazame kwa nyuma. Ukiona nukta nyingi za mwanga zinapenya, kitambaa ni chepesi na hakikupigwa msingi vizuri. Baada ya muda kitalegea kama shuka. Gusa pembeni mwa rangi nene, kwenye jicho la mnyama au kwenye jua, kwa upande wa kidole. Rangi ya mafuta inaweza kuwa kavu juu na mbichi ndani kwa siku kadhaa. Ikikunata hata kidogo, usikubali iviringishwe leo. Mwambie utarudi. Mimi niliwahi kuwa na haraka, nikaikunja, na nilipoifungua Dar shingo ya korongo ilikuwa imehamia kwenye mbawa.

Mwisho tazama mistari. Mahali mkono unapoteleza ni kwenye miguu ya ndege, majani membamba, na pale rangi mbili zinapokutana. Kama hapo pametulia, picha imefanywa na mtu aliyekuwa hana haraka. Hakikisha sahihi ipo na ni ya mtu unayeongea naye.

*Mpingo.* Hapa ndipo wengi tunapopigwa. Mpingo ni mzito kiasi kwamba unazama majini. Kinyago cha mpingo ukikishika, mkono unashuka kidogo bila wewe kutaka. Ukiona ukubwa haulingani na uzito, una wasiwasi wa haki. Kigeuze chini. Kwenye kitako, ambako hakuna anayepoteza muda kung'arisha, mpingo unaonyesha moyo wake mweusi wenye michirizi ya kahawia iliyoiva, na mara nyingi ukanda wa njano hafifu kuelekea gome. Wachongaji wengi huuacha ukanda huo kwa makusudi, wanautumia kama nywele au vazi. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo, sugua kitako. Mwenye mpingo halisi atakuangalia tu. Mwenye kiwi atakuwa na maneno mengi.

Si kwamba mti mwingine ni aibu. Mninga na mkongo vinachongeka vizuri na vina rangi zao nzuri. Aibu ni kuubatiza. Mpingo una thamani kwa sababu unakua kwa kujivuta, miaka 70 na zaidi mpaka ufae kukatwa, na huo huo ndio unaogombewa na watengeneza klarineti na zumari za Ulaya. Ndiyo maana kipande kidogo cha mpingo ni zawadi kamili, huna haja ya kutafuta tembo wa kukaliwa.

Kagua nyufa kwenye ncha, kule mti ulikokatwa. Ufa mwembamba kama unywele, ukiwa umejazwa nta na vumbi la msasa, maana yake mti ulichongwa kabla haujakauka. Ukifika nyumba yenye kiyoyozi utapanuka. Vitundu vidogo vyenye unga mweupe ni wadudu, na hao watahamia kwenye kabati la mpokeaji. Rudisha kinyago chini, sema asante.

*Shanga.* Geuza upande wa nyuma, wa ngozi au wa uzi. Nyuma ndiko kunakoonyesha kama mafundo yamefungwa na kukatwa karibu au yamechomwa kwa kiberiti haraka haraka. Kunja kidogo: mkufu ulioshonwa kwa waya utashika umbo, wa uzi utalala. Vyote ni sawa, ila mjue mnachonunua. Muulize mama rangi alizipangaje. Usije na maana ulizozisoma mahali. Mwache aseme yeye, kisha uandike, maana maelezo yake ni sehemu ya zawadi.

*Batiki.* Pande zote mbili ziwe zimeiva rangi. Bonyeza kipande cha tishu mbichi kwenye pembe kwa muda wa kuhesabu kumi. Ikitoka rangi, mwambie akaisuuze tena kabla hujalipa.

Kuna vitu vya kukataa hata kama ni bure: chochote cha pembe ya ndovu, magamba ya kasa, au ngozi na meno ya wanyamapori. Usikubali maelezo kwamba ni cha zamani. Utamweka mpokeaji kwenye matatizo, na wewe mwenyewe Sheria ya Wanyamapori ya 2009 haina utani.

5. Uliza bei kwa kuuliza kazi

Swali langu siku hizi ni moja: "Hii umekaa nayo siku ngapi?" Mchoraji mmoja alinitajia laki na ishirini kwa picha ya msitu.

"Mbona ile ya ukubwa huohuo ni themanini?"

"Ile ina tembo wawili na jua, dada. Hii majani peke yake nimeyafanya siku nne. Hesabu."

Nikaanza kuhesabu majani kweli. Nilipofika arobaini nikaacha, nikatoa laki na kumi, na tukaelewana bila mtu kununa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme kitambaa, rangi na fremu ya ndani vimemgharimu 30,000. Siku nne za kazi, hata ukimlipa kama kibarua wa kawaida wa ujenzi, zikijumlishwa na hizo, jumla haiwezi kushuka chini ya mara mbili ya hapo. Ukiona anakukubalia bei iliyo chini ya gharama, ama kazi si yake, ama ana shida ya leo na atakuchukia kesho. Kuomba upunguziwe ni desturi yetu na yeye ameshaiweka kwenye bei, lakini vuta kwenye vitu vyenye maana: chukua mbili, chukua bila fremu, mpe muda mrefu zaidi, au chagua saizi ndogo. "Nipunguzie bwana, mimi ni mzawa" itakupa punguzo la kwanza. La pili halipatikani kwa uraia.

Kama fedha ni za ofisi na mhasibu wako anataka risiti ya EFD, lisemeni mwanzoni. Wasanii wengi wadogo hawana mashine, na hili likijitokeza mwishoni linaharibu kila kitu.

6. Ukiagiza, agiza kwa maneno yanayoshikika

"Nitengenezee kitu kizuri cha Kiafrika" si oda. Mpe ukubwa kwa sentimita, rangi za nyumba inakokwenda, na jambo moja la kweli kuhusu mpokeaji. Kwa sendoff ya mdogo wangu nilimwambia mchoraji: 60 kwa 80, ukuta ni wa krimu, na bibi harusi alikulia kwenye kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) chenye mgomba uliokuwa umeinamia bati la jiko. Sikumpa picha ya kunakili. Akaniletea mgomba, bati, moshi unatoka, na mbwa wa njano ambaye hakuwepo kwenye maelezo yangu. Mdogo wangu alipoifungua alimtazama mbwa kwanza: "Simba! Nani kamwambia?" Hakuna aliyemwambia. Basi, mwachie msanii nafasi ya mbwa.

Kubalianeni akutumie picha mara mbili kwa WhatsApp: akishapanga mchoro, na akishalaza rangi za kwanza. Hizo ndizo nyakati za kubadilisha. Baada ya hapo kaa kimya. Siku ya kumaliza mtajie ya wiki moja kabla ya ile unayoihitaji, maana utaambiwa "njoo Alhamisi," na Alhamisi utaambiwa "bado kung'arisha kidogo."

Kama unafikiri kuitumia picha hiyo kwenye fulana au kalenda za kampuni, sema kabla. Kununua mchoro hakukupi haki ya kuuzalisha. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haki hiyo inabaki kwa aliyechora mpaka mkubaliane kwa maandishi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, wapo kwa ajili ya mambo hayo.

7. Lipa kwa awamu, andika

Kishika uchumba ni nusu; kwa kazi yenye mti wa bei kubwa, hata theluthi mbili. Anahitaji kununua malighafi, usimfanye akope. Ukituma kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa si lake, muulize hapo hapo. Huenda ni la mke wake, au ni la winga uliyedhani umemkwepa. Mali bila daftari hupotea bila habari: andikeni kwenye karatasi moja kazi gani, ukubwa, kiasi kilicholipwa, kilichobaki na tarehe, kila mtu apige picha. Sijawahi kuona msanii wa kweli aliyechukizwa na karatasi. Wao ndio wanaokimbiwa na wateja mara nyingi zaidi.

8. Kufunga na kusafirisha

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo usitegemee kufungiwa kwenye rambo. Nenda na vyako. Picha ya kitambaa viringisha rangi ikiwa nje, si ndani, ili rangi isijikunje na kupasuka. Weka karatasi laini juu yake, izungushie bomba gumu. Maduka ya vitambaa yanatupa yale maboksi marefu ya duara yanayobaki jora likiisha, omba moja. Kwa safari ndefu, kipande cha bomba la maji la inchi nne kutoka duka la vifaa vya ujenzi, na vifuniko vyake, kinailinda hata dhidi ya mabegi ya watu wengine.

Kinyago kizungushie sponji. Mafundi makochi wana masalia ya sponji gunia zima na watakupa kwa bei ya chai. Funga kwanza zile sehemu zinazochomoza, mikono na pembe, kisha mwili, halafu kwenye boksi lisilobaki na nafasi. Kitikise, ukisikia kitu kinagonga, fungua uanze upya. Juu kabisa mimi huzungushia khanga, na huichagua kwa maneno yake. Mpokeaji anapata zawadi mbili, na wewe huhitaji karatasi ya maua.

Kwa basi kwenda Dar au Mwanza, andika jina na namba ya mpokeaji pande mbili za boksi, chukua stakabadhi ya mzigo, na uone kwa macho yako unawekwa wapi. Kwa anayevuka mipaka: jamii nzima ya mpingo imo tangu 2017 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ingawa bidhaa zilizokamilika zenye mti usiozidi kilo 10 kwa mzigo zimesamehewa vibali vya mkataba huo. Kinyago cha kawaida hakikaribii hapo. Anayekwenda Australia au New Zealand aeleze forodhani kila kitu cha mti au ngozi, na asimpelekee mtu huko ngoma yenye manyoya.

9. Karatasi ya mwisho

Mwombe msanii aandike kwa mkono wake, nyuma ya picha au kwenye kikaratasi: jina lake, jina la kazi, mti au rangi aliyotumia, Arusha, mwezi na mwaka. Namba ya simu aweke akitaka. Ongeza mstari wa matunzo: picha isikae kwenye jua la dirishani, ipanguswe kwa kitambaa kikavu, mpingo usiwekwe mbele ya kiyoyozi, upakwe mafuta mepesi au nta mara moja moja. Na zawadi ikishafika, mtumie msanii picha ikiwa imetundikwa. Yule wa mgomba aliiweka kwenye wasifu wake wa simu kwa miezi.

Mzee wetu wa Rombo nilimpelekea kingine mwaka jana, ujamaa mdogo wa mpingo wenye watu saba, niliouona ukiwa bado una watatu. Nilitaka kumchukua yule kifaru nikamtupe. Alikataa. Wamekaa pamoja juu ya kabati la vyombo, ujamaa na karatasi yake upande wa kulia, kifaru na mabaka yake upande wa kushoto, na kila mgeni anayeuliza anaambiwa, "Huyu wa kiwi alininunulia binti huyu huyu."